Hatua ya Kumi na Moja

Hapa mpakani Tunduma kuna asubuhi ambazo malori hayaonekani. Unasikia injini tu, na mtu akikohoa ndani ya ukungu, na taa za njano zikielea bila gari. Nilizipenda asubuhi hizo. Nilikuwa nawahi ofisini kabla ya wenzangu, nawasha kompyuta, na kwa saa moja hivi, kabla sijaanza kujaza nyaraka za mizigo ya watu, nilifanya kazi yangu nyingine, ile isiyokuwa na mwajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza programu ya simu. Mtu aliipakua bure, akaandika maneno ya lugha ya kwao, kisha akarekodi sauti ya mama au babu yake akiyatamka. Programu hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi mtandaoni, na yeyote aliyetaka aliyasoma, akayarekebisha, akatuletea marekebisho yake. Mafundi huyaita maandishi hayo kodi. Nilipomwambia mwenzangu wa ofisini kwamba kila asubuhi nashughulika na kodi ya bure, alicheka mpaka chai ikammwagikia.

“Mpakani hapa? Kodi ya bure? Usiseme kwa sauti, dada.”

Mimi niliingia kwenye kazi hiyo kwa mlango wa nyuma. Mama yangu anaishi Ikinga, kule milimani Ileje, na kila nilipokwenda kumsalimia nilirekodi maneno yake ya Kindali: maneno ya mvua, ya majani, ya namna mbalimbali za kukaa kimya. Niliyapeleka kwenye programu. Nikaanza kurekebisha makosa madogo ya tahajia, halafu makosa ya ndani zaidi, na kabla sijajua nilikuwa nasoma kodi kama mtu anayesoma barua za ndugu.

Wenzangu sikuwahi kuwaona. Walikuwa watu kumi na kitu waliotawanyika duniani. Nilipoamka wengine walikuwa wanalala, na walipoamka waliukuta ujumbe wangu ukiwasubiri kama umande. Aliyeianzisha programu alikuwa Mtanzania mwenzetu aliyehamia nchi ya baridi tangu ujana wake. Nilimwita Kaka, naye aliniita mdogo wangu. Nilimjua kwa sauti ya simu tu, sauti ya mtu anayezungumza akiwa amefumba macho.

Kaka ndiye aliyekuwa akijenga kila toleo. Kodi haiwezi kuingia kwenye simu kama ilivyo. Lazima kompyuta iigeuze yote iwe faili moja, faili lijaribiwe, lipigwe muhuri wa siri unaothibitisha kwamba limetoka kwetu, ndipo liwekwe mahali watu watakapolichukua. Yeye alifanya yote hayo kwenye kompyuta yake moja kuukuu, peke yake, kwa kichwa chake. Kisha macho yake yakaanza kufifia. Siku moja akanipigia.

“Mdogo wangu, herufi zinanikimbia. Utaweza kutoa toleo lijalo?”

Akanitumia barua ndefu. Aliandika hatua kumi na tisa kwa herufi kubwa ajabu, kama za mtoto anayejifunza, kwa kuwa ndizo alizoweza kuziona. Niliichapa, nikaibandika ukutani kwangu. Hatua ya kumi na moja ilisema hivi: “Chukua simu yenye toleo la zamani kabisa, yenye sauti ndani yake. Weka toleo jipya juu yake. Sikiliza kama sauti bado zipo.”

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilizifuata hatua zote. Kulikuwa na raha yake. Nilizipitia polepole, kidole kikiwa ukutani, na ilipofika ya kumi na moja nilichukua simu niliyoachiwa na dada yangu, niliyoirudishia toleo la zamani, nikaweka jipya juu yake, nikaibonyeza, nikamsikia mama akitamka neno la Kindali la manyunyu. Nikisikia hilo neno najua mambo yako sawa, naendelea na ya kumi na mbili.

Mwezi wa Novemba mama alipiga simu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Ikinga, watu wameshaanza kupanda, na yeye mgongo haukumruhusu kuinama.

“Njoo kabla barabara haijawa uji,” aliniambia.

Toleo jipya lilikuwa tayari na watu walikuwa wanalisubiri. Lilikuwa na jambo moja zuri: lilisafisha takataka ndani ya programu ili simu zenye nafasi ndogo zipumue. Nilianza hatua asubuhi ile ya safari, begi likiwa mlangoni. Nilipofika ya kumi na moja, simu ya dada yangu ikakataa kuwaka. Nikaibadilishia chaja, nikaitoa betri, nikaipuliza. Kimya. Nikatazama karatasi ukutani, nikatazama begi. Nikajiambia kwamba mara zote zilizopita sauti zilikuwepo.

Nikairuka. Nikapiga muhuri, nikalitoa toleo, nikaenda kupanda maharage.

Siku zile za Ikinga zilikuwa tamu. Tulipanda kwenye miteremko, mawingu yakipita chini yetu, na mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya shamba akinielekeza kwa fimbo. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda na upepo. Siku ya nne, nikiwa nimepanda juu ya kilima, simu ikashika mtandao na ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua.

“Habari dada. Mimi niko Ivuna. Nimeweka programu yenu mpya. Sauti ya marehemu mama yangu imepotea. Naomba unielekeze ilipo.”

Niliusoma nimesimama. Halafu nikakaa chini kwenye udongo mbichi, sikujali nguo. Lile neno “ilipo” ndilo lililonimaliza. Aliamini kwamba ipo mahali.

Nilirudi Tunduma kesho yake, nikafungua kodi, na kosa nikaliona ndani ya dakika chache. Zamani sana programu ilikuwa inahifadhi sauti kwenye lile lile fungu tulilolifanya baadaye kuwa la takataka. Aliyekuwa anasasisha mara kwa mara sauti zake zilikwishahamishwa. Lakini Ivuna mtandao ni wa shida. Mwenye ule ujumbe alikuwa akipata programu kwa kurushiwa kutoka simu hadi simu, na alikuwa amekaa na toleo la zamani miaka. Toleo langu jipya liliingia kwenye simu yake, likakuta fungu la takataka limejaa, likalifagia.

Niliondoa toleo lile mtandaoni nikaandika tangazo kwa wote. Wengine wachache walipoteza vitu, lakini walikuwa na nakala. Yeye hakuwa na nakala. Nikamwandikia ukweli, nikaomba ruhusa ya kwenda kumwona na kuijaribu simu yake. Alijibu neno moja: “Karibu.”

Kutoka Mlowo unashuka. Mlima unaacha baridi yake nyuma yako kidogo kidogo, sweta linatoka, kisha mtandio, na hewa inakuwa nzito kama ya chumba alicholala mtu. Bonde la Rukwa lilitandaza weupe wake kule mbele, na sikujua kama natazama maji, chumvi au joto lenyewe. Gari liliishia njiani, nikamalizia kwa bodaboda. Ng’ombe walikuwa wanavuka njia bila haraka, mamia, pembe zao zikitetemeka kwenye mvuke wa jua kana kwamba wanaota na sisi tuko ndani ya ndoto yao.

Nilimkuta kazini. Yeye na wenzake walikuwa wanachuja maji ya chumvi na kuyachemsha kwenye masufuria mapana, na yeye alikuwa anakoroga, uso umefunikwa na mvuke. Alikuwa wa umri wangu. Wazazi wake walikuwa Wasukuma, walikuja na mifugo yao kutoka mbali yeye akiwa mgongoni. Hatukuwa tumepeana mikono bado alipouliza.

“Ni wewe uliyefuta?”

“Ni mimi.”

Akaendelea kukoroga. Moshi uliniingia machoni, nikashukuru kuwa na sababu ya kuyafuta.

“Nilidhani ni mashine,” alisema mwishowe. “Mashine ningeisamehe upesi. Haina nia. Sasa nakuona wewe ni mtu.”

“Kulikuwa na hatua ya kujaribu. Niliiruka kwa sababu nilikuwa na haraka.”

“Haraka ya wapi?”

“Kwenda kumsaidia mama yangu kupanda.”

Kisha akamwachia jirani yake mwiko, akanawa mikono, akanipeleka nyumbani kwake.

Alinieleza kilichokuwamo. Mama yake alikuwa anajua majina ya rangi za ng’ombe kwa Kisukuma, rangi ambazo Kiswahili chetu kingezitaja kwa sentensi nzima: mwekundu mwenye tumbo jeupe, mweusi mwenye vumbi la majivu mgongoni, yule ambaye rangi yake hubadilika jua likizama. Mchana mmoja binti alimketisha mama yake kwenye uzio wa zizi, akamrekodi, ng’ombe wakawa wanaingia mmoja mmoja, na mama akawa anawataja. Tangu afiwe, binti alikuwa anazisikiliza sauti hizo akienda kisimani.

Niliiunganisha simu yake na kompyuta yangu. Tulikaa sakafuni kwenye mkeka mchana kutwa, yeye akichambua mboga, mimi nikichimba ndani ya ile simu. Nyingi ya nafasi iliyofutwa ilikuwa imeshaandikwa vitu vingine juu yake. Jua lilipoanza kupinda nikapata kipande. Sekunde kumi na moja. Nilimpa spika za masikioni, akakataa, akasema nikiweke kwa sauti.

Kengele ya ng’ombe. Upepo. Mtu akisafisha koo. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikasema maneno mawili, ikakatika.

Akaweka kisu chini.

“Anasemaje?” nikauliza.

“Anasema, ‘Mimi sitaki.’” Akacheka huku machozi yakimtoka. “Alikuwa hataki kurekodiwa! Nilimbembeleza siku nzima. Aliona aibu. Weka tena.”

Tuliicheza mara nyingi sana. Mwishowe akaanza kuyataja majina mwenyewe, macho yakiwa mlangoni ambako ng’ombe walikuwa wanarudi na vumbi la dhahabu. Nilishika simu yangu nikarekodi. Alifika majina ishirini na tatu, akakwama. Akajigonga paji la uso, akarudi nyuma, akakwama palepale.

“Yalikuwa zaidi ya arobaini,” alisema.

Nililala kwake, na asubuhi alinifungia chumvi kwenye kitambaa. Nilipokuwa napanda bodaboda alinishika mkono.

“Kulia hakutanirudishia sauti yake. Ila niambie: kesho mwenye haraka atakuwa mwingine. Mtafanyaje?”

Swali hilo nilipanda nalo mlima.

Upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kuna fundi simu ambaye naye alikuwa mmoja wetu. Ni binti wa Kizambia mwenye mikono mitulivu kuliko ya mtu yeyote niliyemjua. Nilivuka kwenda kibandani kwake. “Mwaiseni, dada,” alinikaribisha, akanivutia stuli. Nikamsimulia yote. Alivuta droo ya chini ya meza yake, nikaona ndani simu za zamani zimelala kama samaki waliokaushwa, nyingine hazina kifuniko, nyingine kioo kimepasuka.

“Hizi zinawaka,” alisema. “Tuziwekee matoleo yote ya zamani. Kila moja na lake.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilibandua barua ya Kaka ukutani, tukaigeuza hatua moja moja iwe maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyafuata bila mtu. Kila hatua ilitufunza kitu. Ya tatu ilihitaji faili lililokuwa kwenye kompyuta ya Kaka pekee duniani. Ya saba alikuwa ameiandika kwa kumbukumbu, akasahau nusu yake. Ilituchukua miezi. Asubuhi zangu za ukungu ziliisha zote hapo, na fundi akawa ananitumia picha za simu zake sita zikiwa zimepangwa mezani, zimeunganishwa waya, kila moja ikisasishwa na kuulizwa: sauti zipo? Moja isipojibu, kazi yote ilisimama. Hakukuwa tena na namna ya kupita pembeni.

Tukaweka na kanuni nyingine. Toleo lijengwe mahali pawili tofauti na mafaili mawili yafanane herufi kwa herufi. Lipelekwe kwanza kwa watu wachache, wiki mbili, ndipo kwa wote. Na asiwepo mtu mmoja mwenye kulitoa peke yake.

Hiyo ya mwisho ilimhusu Kaka, kwa sababu muhuri wa asili alikuwa nao yeye. Mimi alinipa nakala tu. Nilimpigia.

“Tunataka kuugawa vipande vitatu, kimoja kwangu, kimoja kwa fundi wa Nakonde,” nilisema. “Viwili vikikutana ndipo ufanye kazi. Kimoja kikiwa peke yake hakifanyi kitu.”

Nilisikia kiti kikivutwa kule kwake.

“Kwa hiyo mimi nilikuwa nakosea miaka yote?”

“Hapana, Kaka. Wewe hukuwahi kuiruka. Mimi niliiruka. Nataka iwe vigumu kwa mtu kama mimi.”

“Nimeulea muhuri huu kama mtoto,” alisema. “Kila toleo nililipiga nikiwa nimevaa shati safi. Mke wangu alinicheka. Kipande cha tatu atapewa nani?”

“Mama mmoja wa Ivuna.”

“Ni fundi?”

“Hapana. Anachemsha chumvi.”

Nilidhani atakataa. Badala yake aliniomba nimsimulie habari zake, nami nikasimulia, mpaka kwenye zile sekunde kumi na moja. Alisema atauharibu ule wa kwake, nakala na asili, nami niiharibu nakala yangu, siku ileile tutakayothibitisha kwamba vipande vinafanya kazi. Na tulifanya hivyo. Nilimsikia akibonyeza, kisha akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Toleo la kwanza la namna mpya lilipita kwenye simu zote sita. Fundi wa Nakonde akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo. Ivuna ikasema bado.

Nilimpigia.

“Kitufe cha kurekodi mmekipaka rangi ya kijivu,” alisema. “Huku juani hakionekani. Mama mzee akikitafuta kitufe asikione anakata tamaa, anasema sitaki.”

Kwa kanuni zetu, ndiyo hizo mbili zilitosha kulitoa. Wenzetu wengine, kutoka nchi ambazo jua lao ni dogo, waliandika kwamba hilo ni jambo la urembo, lisubiri toleo lijalo. Fundi akaniuliza kwa ujumbe: “Tunatoa?” Nilikaa na swali hilo siku mbili. Nikamjibu kwamba tunangoja. Kitufe kikapakwa rangi ya chungwa, majaribio yakaanza upya toka mwanzo, na wiki mbili zikahesabiwa tena. Baadhi walinuna. Mmoja akaondoka kabisa, na nilisikitika, maana alikuwa fundi mzuri na alikuwa mpole kwangu nilipokuwa sijui kitu.

Majina yale ya rangi hayajatimia mpaka leo. Wasukuma wa sehemu nyingine wameongeza mengine kwenye programu, na yeye huyasikiliza, akisema hili ndilo, hili silo, hili mama asingelitamka hivyo. Sauti ya mama yake ni ile ile ya kukataa. Amesema nisimwombe radhi tena, kwa sababu kila nikiomba inabidi anifariji, na yeye ana kazi.

Siku toleo lilipotoka nilikuwa saluni Vwawa, nimekaa chini, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti ya msusi. Nje mvua ilikuwa inanyesha na jua linawaka kwa pamoja. Simu ikatetemeka mapajani. Mtu nisiyemfahamu, wa nchi nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani, alikuwa amelijenga toleo kwa kufuata maagizo yetu, akalinganisha na letu. Aliandika kwamba yanafanana. Muda mfupi baadaye Ivuna na Nakonde wakaunganisha vipande vyao, bila mimi, na toleo likaenda. Nilisubiri moyo uruke. Haukuruka. Nilihisi wepesi, na ndani ya huo wepesi kijiuchungu kidogo kisicho na jina.

“Mbona umetulia hivyo?” msusi akauliza. “Umepata habari mbaya?”

“Kuna kitu kimetoka.”

“Kimetoka wapi?”

Nikafikiri. “Hata sijui,” nikamwambia.

“Haya, inama,” akasema, akaanza kusuka upande wa kushoto.